Swali la Saba

Dodoso lina kurasa nne, kalamu ni ya mradi.
Swali la saba: *Uamkapo, viungo hukakamaa
kwa muda wa dakika ngapi?*
Na kisanduku cha tarakimu tatu, basi.

Bi Mwanasiti wa Barabara ya Kumi na Nne
hajawahi kuishi kwa dakika.
"Kunaadhiniwa, vidole vimefumba.
Anapita muuza mkate na kengele ya baiskeli, vimefumba.
Watoto wa jirani wanaoga, wanalia sabuni,
wanavaa, wanakwenda shule,
ndipo gumba linaitika.
Hiki cha kati kinangoja jua liguse dirisha.
Hiki cha mwisho," akakitazama kama mdeni wake,
"hiki siku hizi hakiamki."

Nikaandika 150.
Nikafuta, nikaandika 165.
Nani ajuaye mtoto hulia sabuni kwa muda gani?

Miaka ishirini na miwili alichana mkonge,
brashi zikizunguka, singa zikitoka nyeupe
kama kichwa chake sasa.
Majirani wana majibu yao:
maji ya kiwandani, kijicho, jini la ukoo wa mume.
Daktari Shelukindo ana lake: kinga ya mwili, alisema,
ni mlinzi aliyechanganyikiwa,
usiku kucha anampiga mwenye nyumba akidhani ni mwizi.
Bi Mwanasiti akacheka hadi akashika goti.
"Si mumfukuze kazi!"
"Hafukuzwi, mama. Anatulizwa."

Baridi yabisi, twaiita. Jina la kuzugia.
Haina baridi: nimeligusa joto lake kwenye kiwiko,
chungu kilichoepuliwa sasa hivi.
Wala si yabisi: goti limejaa maji,
daktari anayavuta kwa sindano,
ya manjano, yamefifia kama maji ya kuoshea mchele.

Wote wanaendelea na vidonge vyao vya siku zote.
Juu yake kila mmoja ana kopo la mradi,
rangi moja, kifuniko kimoja:
ndani dawa tunayoitafiti, au unga mtupu.
Hajui yeye, sijui mimi, hajui daktari.
Inajua bahasha iliyofungwa kabatini.

"Nikiangukia la unga?"
"Utakuwa umesaidia, mama."
"Nani?"
Nikarudi kwenye fomu: *wagonjwa wa baadaye.*
Akanyamaza kidogo.
"Namjua mmoja. Mwanangu Mwajabu
ameanza kuangusha vikombe."
Kisha akaomba wino.
Gumba halikulala sawasawa, alama ikatoka upande,
nusu ya mtu, nusu ya karatasi.

Wiki ya ishirini na nne.
Nikampa kipira cha kupimia nguvu ya mkono,
akafinya huku ameuma mdomo, mshale ukapanda,
si sana, lakini haujawahi kufika pale.
Kidole cha mwisho kiko vilevile, kimelala.
Swali la saba.
"Siku hizi mkate unanikuta mlangoni.
Komeo nafungua mwenyewe."
Kalamu yangu ilikwisha kushuka kwenye kisanduku
alipoongeza, macho kwenye mkeka:
"Lakini yule kijana naye anachelewa.
Ama nimepona, mwanangu, ama baiskeli ina pancha."

Nikaacha kisanduku kitupu.

Ndiyo maana leo, gizani bado,
nimesimama Barabara ya Kumi na Nne na saa ya mkononi,
mbwa wa fundi cherehani ananishuku.
Adhana: kumi na moja na dakika nane.
Paka. Ndoo. Mtu anakohoa.
Bahasha bado haijafunguliwa,
na mimi, niliyefundishwa nisitake jibu lolote,
nataka.

Kengele: kumi na mbili na dakika mbili.
Baiskeli inasimama mbele ya mlango wake.
Ndani, chuma kinakwaruza chuma,
kinatulia,
kinakwaruza tena.
Natazama saa.