Mabano

Kazi yangu ni ndogo: naketi kando ya mwenyekiti,
mbele ya kibodi, na kila ninachokigusa
kinatokea ukutani, kikubwa kuliko mlango.
Wakikubaliana neno, naliacha.
Wasipokubaliana, nalifungia ndani ya mabano
kama kuku aliyepotea, mpaka mwenyewe aje.

Leo ni usiku wa kumi na mbili. Bonn imelala.
Nje, Mto Rhine unabeba matishari ya makaa ya mawe
kana kwamba haujasikia tunachokisema humu.
Kahawa imekwisha tangu saa nne,
na mjumbe mmoja mwenye tai ya hariri ameomba mkato.
Mkato mmoja tu, anasema, baada ya neno "zote".
Wanasheria saba wameinuka kuutazama.
Hapa nimejifunza kwamba mkato hukata kweli.

Kifungu cha tisa, aya ya nne:
nchi zilizochafua [zitalipa] [zinahimizwa kuchangia].
Katikati ya mabano hayo
pana nafasi ya kutosha kisiwa kudondoka.

Nei Rotia wa Kiribati haombi mkato.
Amevaa sweta la kuazima, mikono yake imemzidi urefu.
Anabonyeza kipaza sauti, taa inawaka nyekundu.
Hasemi "sayari". Hasemi "vizazi vijavyo".
Anasema: shimo la mama yangu.
Anaeleza babai linavyopandwa, gimbi refu kuliko mtu;
shimo linavyochimbwa hadi kwenye maji matamu
yaliyolala chini ya mchanga;
majani yanavyorundikwa shinani, ndani ya kikapu kisicho na kitako,
na kila ukoo unavyoficha siri ya mbolea yake
hata kwa mkwe.
"Mwaka juzi mama aliyaonja maji ya shimo.
Akatema. Hakusema kitu.
Akaenda dukani kununua mchele."
Mwenyekiti anashukuru. Mwenyekiti anatazama saa.

Sina ruhusa ya kuwa na maoni. Imo katika mkataba wangu wa kazi,
nao hauna bano hata moja.
Lakini nina shangazi, Irmgard, kule bonde la Ahr,
si mbali na hapa kwa gari.
Usiku ule wa Julai mto ulipanda ngazi zake
moja moja, kama mgeni mwenye adabu,
ukakaa sebuleni hadi asubuhi.
Mstari wa tope bado uko ukutani, juu ya picha ya harusi.
Amekataa upakwe rangi.
Watu wa bima walimwandikia: ombi lako linashughulikiwa.

Saa kumi alfajiri. Watu wamelegea kama nguo zilizonyeshewa.
"Gesine," mwenyekiti ananiita, kwa upole wa daktari wa meno,
"ondoa la kwanza. Acha la pili."
Naligusa "zitalipa".
Halipigi kelele. Herufi nane zinamezwa kuanzia mkiani,
ukuta unabaki mweupe kwa kitambo cha kupepesa jicho,
kisha "zinahimizwa" linasogea kuziba pengo.
Nyundo. Makofi. Mtu analia, sijui ni furaha au usingizi.
Nami napiga makofi. Mwaka jana
aya yenyewe haikuwepo; hilo nalijua.
Haba na haba hujaza kibaba,
ila bahari nayo imejifunza methali hiyo.

Mafundi wanapokunja nyaya, Nei Rotia anakuja mezani kwangu.
"Lile neno mlilolifuta," anasema, "bado unalo?"
Mashine hukumbuka kila kitu. Nalirudisha,
nachapisha karatasi nzima kwa ajili ya neno moja.
Anaikunja mara nne, anaitia mfukoni mwa sweta,
kisha anakumbuka sweta si lake,
anaitoa.