Wende

Gerlinde Pätzold, mwalimu wa kuogelea mjini Dessau,
alilijua neno hili kabla halijaingia redioni.
Lilikuwa neno la ukutani: ukikaribia, kunja mwili,
pinduka, kanyaga vigae, rudi ulikotoka.
"Wende!" na filimbi ingali mdomoni.

Vuli ile watu wakajaa barabarani na mishumaa,
neno likapanda, likawa jina la zama.
Pesa zikabadilika, ramani, majina ya mitaa.
Kiwanda alichofanyia kazi mumewe kikafungwa Jumanne;
Jumatano Uwe akaketi jikoni na koti la kazi,
vifungo amevifunga hadi shingoni.

Sikio langu la Kiswahili hulisikia vingine:
wende, yaani, haya, shika njia,
na kurudi hakukutajwa.

Nikamuuliza Gerlinde lipi ndilo.
Akacheka, akafuta miwani yenye ukungu.
"Mwogeleaji hugeuka, bwawa ni lilelile.
Sisi tulifika, tukakunja miili, tukapinduka,
tukapapasa kwa nyayo,
tukapapasa tena.
Ukuta haukuwapo."