Haba Ibaki Haba

Kaka Mhina alipiga simu kutoka Tanga mjini:
nunua pampu, Mwantumu, dunia imekwenda mbele.
Nikamjibu, pampu hunywa kabla ya mchungwa,
na petroli huku Kicheba tunapimiwa kwa chupa ya soda.
Mimi nina mteremko.
Mteremko haujawahi kunidai.

Nilianza na mpira mwembamba unaoonyesha ndani,
nikautia maji, Hidaya akashika ncha ya juu,
mimi nikashuka na ya chini, kinyumenyume,
visigino vikitafuta njia kwenye majani.
Maji ya kwake na maji ya kwangu yakalingana.
Watu wawili wakibishana urefu wa shamba,
maji hayaingii ubishi: yanatulia, yanaonyesha.

Fimbo kwa fimbo, alama kwa alama,
tukajumlisha nyuma ya daftari lake la hesabu:
kutoka kitako cha tangi hadi mchungwa wa kwanza
mita tatu na nusu.

Fundi Semgaya wa Muheza akacheka mpaka akakaa.
Hiyo si nguvu, mama, hiyo ni pumzi ya mgonjwa.
Akanitolea vidonyeshi vyeusi vya dukani,
vile visivyofunguka mpaka visukumwe
kama mlango wa benki.
Nikavirudisha kwenye kaunta.

Nikachukua bomba pana, la inchi mbili,
maana bomba jembamba ni tarishi mwenye njaa:
hula mzigo njiani, akifika hana kitu.
Mipira ya pembeni nikaitoboa mwenyewe
kwa sindano ya magunia iliyopashwa moto,
karibu na tangi tundu dogo,
mbali tundu kubwa kidogo,
wa mwisho asinyweshwe makombo.
Mdomoni mwa tangi nikafunga soksi ya shule ya Hidaya
ichuje mchanga. Pacha wake ulipotea siku nyingi.

Ijumaa, baada ya alasiri, nikafungua koki.
Mstari wa kwanza, ukadondoka.
Wa pili, ukadondoka.
Wa tatu, kimya. Michungwa kumi na sita
imesimama kama watoto ambao majina yao hayakuitwa.

Bi Mwajabu akaniita kutoka mpakani:
ardhi hii ina wenyewe, chinja kuku.
Kuku nilikuwa naye. Nikamwacha atage.

Nikalala kifudifudi, sikio juu ya bomba,
nikatambaa nalo hatua thelathini
mpaka kwenye kisiki cha mchungwa uliokufa mwaka wa ukame.
Hapo mzizi ulikuwa umelibinua bomba, nundu ya shibiri moja,
na ndani ya nundu, hewa imekaa
kama mgeni aliyetandika mkeka mlangoni:
hatoki, na nyuma yake hapiti mtu.

Nikatoboa juu ya nundu kwa sindano ileile.
Ikapiga mluzi. Ikatema. Kisha maji, uzi mmoja,
yakanipata jichoni.
Tundu nikaliziba kwa mwiba wa mchungwa.
Tangu siku hiyo, kila nifunguapo koki, nauchomoa,
naiaga hewa, naurudisha.

Haba na haba hujaza kibaba, tulifundishwa.
Mimi kibaba sikitaki kijae.
Nataka haba ibaki haba,
usiku kucha, shina kwa shina,
udongo unywe bila kupaliwa.

Alfajiri nilikwenda kupima makopo ya maziwa.
Chini ya mchungwa wa kwanza, nusu kopo na kidole kimoja.
Chini ya wa sitini na nne, nusu kopo.
Hicho kidole bado sijakipatia dawa.

Kaka akapiga tena: umeshanunua?
Nikachuchumaa, nikaiweka simu
penye shina la mwisho, karibu kabisa na tone,
nikasubiri.
Sisikii kitu, Mwantumu, akasema.
Basi, nikamwambia. Ndiyo yenyewe inafanya kazi.