Upande wa Mnyororo

Kwa wiki tatu nilidhani ni goti.
Kila mguu wa kulia ukishuka, ko,
kama mtu anayebisha hodi kwa kidole kimoja
na ukifungua hayupo.
Daktari Sjaarda alilikunja, akalikunjua,
akasema, "Tjitske, goti hili litakuzika."
Nikarudi Dokkum upepo ukinipiga usoni,
ko, ko, ko,
hadi darajani nikashuka,
nikaushika mkono wa pedeli, nikausukuma huku na huku.
Ulicheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza.

Ni baiskeli ya Mem. Alitupakia sote wawili,
mimi mbele, Hylke nyuma na mikate.

Upande wa kushoto haukuwa mkaidi.
Pete ililegea, kikombe kikafuata,
ekseli ikatoka na uji mweusi,
gololi zikakimbilia chini ya mashine ya kufulia.
Zilipaswa kuwa kumi na moja. Nilipata tisa,
mbili kati yake zimeliwa kama karanga zilizobunguliwa.
Yakatoka na maji, kijiko au viwili,
na nataka kuamini ni ya mferejini,
ya usiku ule Hylke alipoitumbukiza akitoka harusini
na Mem akacheka hadi akakaa chini.

Kikombe cha kulia kiligoma.
Niliitia spana, nikaning'inia na kilo zangu sabini na nane.
Nikakigonga nyundo.
Nikakimwagia mafuta, nikakiacha usiku kucha kijifikirie.
Asubuhi tena. Spana ikateleza
na ngozi ya kidole changu ikabaki kwenye fremu.

Mtaa huu mwenye bomba la kurefushia spana ni mmoja,
nyumba ya nne baada ya duka la vitambaa,
na sijakanyaga humo tangu tulipogawana vitu vya Mem.
Tuligombania saa ya ukutani.
Hata haiendi.

Alikuja na soksi za sufu ndani ya viatu vya plastiki,
bomba begani, barafu kwenye nyusi.
Hakuniuliza habari, nami sikumpa.
Alipiga goti, akaitazama mikwaruzo yangu kwenye chuma,
yote imelalia upande mmoja.
"Umekuwa ukikaza," akasema.
"Nini?"
"Upande wa mnyororo hesi zake ni za kinyume.
Unafungulia kule unakofungia nyingine zote.
Siku mbili, Tjitske. Umekuwa ukikaza."

Nilikosa pa kuweka macho, nikayaweka kwenye ndoo.

Aliuvika mpini lile bomba,
kisha akasogea, akaniachia mimi nishike.
Nikasukuma kule mkono wangu ulikokuwa unakataa.
Chuma kikalia kama mlango wa ghala,
kikanyamaza,
kikaja.

Kipya ni kipande kimoja kilichofungwa, euro ishirini na tatu,
gololi zake hazionekani wala hazihesabiki.
Hylke haamini kitu kisichofunguka.
Alilisema hilo, na ndiyo ilikuwa hotuba yake ya mwisho.
Tulipaka grisi kwa vidole, yeye wa kushoto,
maana ni mashoto tangu utotoni,
mwalimu alimfunga mkono kwa kamba na bado hakubadilika.
Kahawa aliinywa amesimama,
akitazama ukutani, saa nne na dakika kumi,
kama jana, kama mwaka juzi.
Akaondoka.
Bomba kalisahau, au kaliacha. Limeegemea mlango,
kila nikipita linanigusa bega.

Leo nimeendesha hadi mwisho wa tuta la bahari na kurudi.
Pedeli zinazunguka kimya, kimya kabisa,
kimya cha kusikia kondoo wakitafuna,
na katikati ya kimya hicho,
mguu wa kulia ukishuka,
kitu kidogo, kikavu, ndani ya mfupa:
ko.
Kumbe na goti nalo.