Wa Kulia

Mjomba Asangalwisye anajaza bomba,
vijiko viwili vya unga, maji ya mfereji,
kisha anashika matuta ya viazi pale Ntokela
ukungu wa Rungwe ukiwa bado umelalia majani.
"Dawa ni dawa," husema.
Hajui kwamba amebeba mapacha.

Wamo wawili katika ule unga,
uzito mmoja, mifupa ile ile,
ila kila mmoja ni mwenziwe wa kiooni.
Uwalaze wapendavyo, hawakai:
ni kama buti la kushoto ulilovaa kulia gizani
ukashtuka umeshafika shambani.
Mmoja ndiye anayeua baka la majani.
Wa pili amepanda bure.

Nimechota udongo siku ya kwanza, ya saba, ya thelathini,
nikaupeleka Uyole katika vifuko vya barafu.
Mashine ikachora vilima viwili, bega kwa bega.
Wiki ya pili, cha kulia kimeporomoka.
Ya nne, kichuguu tu.
Cha kushoto kipo, kama mgeni asiyeaga.

Nani amekula?
Vijidudu visivyo na meno wala macho,
vina vitasa tu tumboni,
na kitasa hakibembelezwi kwa ufunguo uliopinduka.

Nikamkumbuka bibi, akinifunga kitambaa
mkono wa kushoto, mbele ya sahani ya ndizi:
"Subilaga, mkono wa kulia ndio wa kulia!"
Nikala kwa wa kulia, huku nalia.

Leo naandika kwa kushoto:
shamba la juu, wa kulia ameliwa.
Lakini kule chini, mpakani na misindano,
udongo mchachu hata maharage yanaukataa,
karatasi imegeuka.
Huko wameanza na wa kushoto.
Nimerudia mara tatu, nikidhani nimechanganya chupa.

"Sasa dawa imeisha au haijaisha?"
Nusu, mjomba.
Na nusu ipi, inategemea umesimama wapi.

Anatema mate. Anatazama mfereji,
unavyoteremka kuitafuta Kiwira
ukipita kwa watu wenye ndoo.
"Na hiyo nusu iliyobaki, inajua kuogelea?"

Sijamjibu.
Anauhamishia mkanda wa bomba bega la pili,
anaingia tuta linalofuata.