Tangi la Kushoto

Wiki tatu mtambo wa makonyo ulichemka bila kupumzika
na Wawi nzima ikanuka karafuu:
shuka, chai, hata noti za chenji.
Nani angenusa petroli?

Ijumaa wakauzima kuusafisha.
Upepo ukaja mtupu.
Nilipofungua banda, pua ikanambia kabla ya jicho:
Mize, kuna kitu kinavuja.

Doa chini ya bawa, halifiki upana wa sarafu.
Nikagonga kwa kifundo cha kidole.
Faiba ikajibu ko, ko, ko,
kisha pahala pamoja: pu.

Bwana Shaame, mwenye ndege, akasema,
"Paka gundi kwa nje, Jumatatu naenda Unguja,"
akaniongezea na methali, usipoziba ufa.
Nikamwambia, ndege yako imeigeuza hiyo methali.
Tangi lilizikwa ndani ya bawa siku linaundwa,
halina mlango wala dirisha.
Kuuziba ufa huu
tuubomoe ukuta kwanza.

Akakaa juu ya debe. Hakusema kitu.

Tukayatoa mafuta kwa mpira, lita kumi na tisa.
Tukafunga waya wa kuteremsha cheche ardhini,
simu zote tukamwachia mlinzi.
Nikachora kwa penseli.
Nikakata.
Vumbi jeupe lenye miba,
lile linaloingia mikononi mwa shati
likakuwasha mpaka sala ya isha.

Likatoka kwa ubishi, kama gego.
Na ufa wenyewe, pale konani: unywele,
wembe usingepita.
Lakini kwa ndani resini imelegea
kama ukoko uliolala majini.
"Petroli ya siku hizi," nikamweleza, "wanaichanganya na pombe.
Ndiyo iliyolila."
Hapo Shaame akacheka, mara ya kwanza tangu asubuhi:
"Miaka sitini na nne sijaionja,
kumbe tangi langu linakunywa!"

Faki wa Machomane akachomelea jipya, la alumini.
Tukalijaza upepo, tukalipaka povu la sabuni,
tukainama watu watatu kusubiri kipovu.
Hakikutoka.
Tukalilaza juu ya vipande vya mpira, lisisuguane na mbavu za bawa.

Jumatatu ikapita. Na iliyofuata.
Shaame alikwenda Unguja kwa boti, akarudi na kichefuchefu.

Kitambaa cha kioo, tabaka nne,
kila moja pana kuliko iliyo chini yake.
Ila safari hii nikaacha kifuniko,
skrubu kumi na mbili,
kwa fundi nisiyemjua
atakayekuja na bisibisi
asihitaji msumeno.

Mtambo umewashwa tena.
Karafuu imerudi kwenye chai.
Pua yangu siiamini;
kila alfajiri napitisha kiganja chini ya bawa,
polepole, mpaka mwisho,
kisha nakitazama.
Kikavu.