Gunia la Kutoka Mjini

Sidsel aliniletea gunia mwezi wa nne,
theluji bado imejificha nyuma ya ghala,
akalitua mezani, juu ya gazeti langu.
Ndani, punje nyeupe, kavu, hazina harufu,
kama chumvi ya mawe.
"Baba, hii ni mbolea. Usiulize ilikotoka."
Nikauliza.

Ilitoka vyooni mwa watu elfu arobaini:
kwa mwalimu na kwa mlevi, kwa mchungaji wa kanisa,
kwa daktari aliyenikataza siagi.
Kila asubuhi wanabonyeza kitufe, wananawa, wanasahau,
na binti yangu, mwenye shahada mbili,
anasimama kando ya matangi akisubiri
walichosahau kigande kuwa fuwele.

Bodil alicheka hadi kahawa ikamwagika.
Mimi sikucheka. Babangu aliivunja nyika hii
kwa plau na farasi mmoja mwenye chongo,
chini ya magugu akakuta mchanga tu,
mchanga unaokunywa kila kitu na usishibe,
na hakuwahi kumwomba mtu wa mjini hata kiberiti,
seuze choo chake.

Kisha akatoa chupa, ndogo kama ya dawa ya kikohozi,
majimaji rangi ya chai iliyopoa.
"Humu mna bakteria wengi kuliko watu wote
waliowahi kuzaliwa Jutland."
Nikaisogeza mbali na mkate.

Alinieleza, akichora kwa kidole
kwenye unga Bodil aliousahau mezani:
fosforasi imo ndani ya punje, ila imejifungia.
Mzizi unabisha hodi, haufunguliwi.
Hawa wasioonekana ndio wenye funguo:
wanatema uchachu kidogo, kufuli linalegea,
na mzizi unawalipa sukari.
"Wanakaa kwenye ngozi ya mzizi, baba, kama wapangaji
wanaolipa kodi kabla ya tarehe."
Sijawahi kupata mpangaji wa namna hiyo.

Tuliilowesha shayiri kwenye beseni la Bodil la kufulia.
Nikampa vipande viwili, wala si vya kujivunia:
kimoja bondeni, karibu na mfereji,
kingine mwinukoni, ambako hata magugu hukata tamaa.
Nusu, punje tupu. Nusu, punje pamoja na wageni.
Nikachomeka vijiti, nikafunga kitambaa chekundu
upande nisiouamini.

Mwezi wa tano, sare.
Nikampigia simu: "Wageni wako wamelala."
"Udongo una baridi. Ungeamka wewe?"

Mwezi wa sita nikatoka na koleo.
Bondeni, hakuna tofauti. Nasema hivyo kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa;
pale udongo ulikuwa na wenyeji wake, wameshiba,
hawakumsogezea mtu kiti.
Lakini mwinukoni niling'oa shina upande wa kitambaa
na mizizi ikatoka na mchanga wake,
imeuvaa kama soksi ya sufu.
Nikatikisa. Haukuanguka.
Mchanga wa babangu, ambao haukuwahi kung'ang'ania kitu.

Niliketi chini. Kwa umri wangu, kuketi chini ni uamuzi.
Nikamwaza mlevi, mwalimu, daktari wa siagi,
hawajui kwamba wamesimama hapa, kijani,
wananifika kifuani.
Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Nani angedhani mgeni atapitia bomba?

Tulivuna, tukapima. Mwinukoni ilizidi,
si kwa muujiza: mikokoteni miwili badala ya mmoja na nusu.
Mwaka mmoja si ushahidi, nilimwambia Sidsel,
naye akakubali upesi mno, kama mamake
anapojua ameshinda.
Anataka kipande kikubwa mwakani.
Nimemjibu tutaona.

Bodil anauliza beseni lake liko wapi.
Liko ghalani, juu, mbali na panya.
Sijalirudisha.